Kelele Ndani ya Redio



Watu wengi wakisikia redio ikikwaruza hutazama juu. Husema, "Mvua iko njiani," au, "Stesheni iko mbali," kisha huongeza sauti mpaka mtoto aliyelala akaamka. Ni mara chache mtu kujiuliza kama kelele hizo huenda zatoka ndani ya redio yenyewe, na tena kama ni mkono wake mwenyewe unaozileta. Jambo hilo ndilo nitakalolieleza hapa, kama tulivyoliona mwaka huu katika simu ya upepo ya Chama cha Redio cha shule yetu.

Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanafunzi wa vidato vya chini wameniuliza mara nyingi kile chumba kidogo kando ya maabara ya Fizikia kina nini hata taa yake huwaka mpaka saa nne usiku siku za Jumamosi. Ya pili, kwa kazi iliyofanyika humo watu wamenisifu mimi, kwa kuwa ndimi niliyeonekana na pasi ya kulehemu mkononi. Lakini nusu ya kazi ile, nayo ndiyo nusu ngumu, ni ya mwenzangu ambaye hakushika pasi hata mara moja. Ni haki jambo hilo lijulikane kabla sisi wa Kidato cha Nne hatujaingia katika mtihani wa Novemba na kutawanyika.

Yafaa kwanza tujue kwamba kelele za redio ni za namna tatu.

Namna ya kwanza ni kelele za mbingu, yaani radi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumepewa radi nyingi kuliko watu wa sehemu nyingi za dunia. Mchana nchi kavu inayozunguka Ziwa Viktoria hupata joto, na mawingu ya mvua hupanda juu ya vilima vyetu. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hukutana katikati, hupanda, na ngurumo hulia juu ya maji mpaka alfajiri. Kila umeme unapopiga huwa kama stesheni kubwa inayotangaza neno moja tu, "kra!", katika masafa mengi kwa mara moja, na neno hilo huweza kusikika katika redio iliyo mamia ya kilometa kutoka hapo. Kelele hizi hazina dawa isipokuwa subira.

Namna ya pili ni kelele za majirani. Kwetu ni Nyarugusu, Mkoa wa Geita, mahali ambapo watu huishi kwa dhahabu. Pampu ya petroli ya kuvuta maji mashimoni hutoa cheche katika plagi yake, na kila cheche ni radi ndogo; ikiwashwa, redio ya bibi husema "ta-ta-ta-ta" badala ya taarifa ya habari. Mashine ya kuchomelea vyuma, pale penye karasha la kusaga mawe, ni mbaya zaidi. Na siku hizi nyumba nyingi zina chaja za simu za bei rahisi, taa za LED, na vile visanduku vya kurekebisha umeme wa sola. Ndani yake umeme hukatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde moja, na mikato hiyo huwa kelele redioni. Dawa yake ni nyepesi: zima kimoja kimoja mpaka umpate mwenye kosa, kisha mwondoe karibu na redio, au usogeze redio yenyewe.

Namna ya tatu ni kelele za redio yenyewe. Hizi ndizo ngumu, maana huwezi kuizima redio ili uisikilize.

Sasa nieleze habari za chama chetu. Mwalimu wetu wa Fizikia ana leseni ya redio ya ridhaa, aliyopewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Redio ya ridhaa ni kama mpira wa ridhaa: watu hufanya kwa kupenda, pasipo mshahara, wala hawaruhusiwi kuitumia kwa biashara. Kila mwenye leseni ana alama yake ya kujitambulisha, nayo huanza kwa herufi za nchi yake. Zamani za ukoloni alama za Tanganyika zilianza kwa VQ3 na za Unguja kwa VQ1. Leo alama za Tanzania huanza kwa 5H, za Kenya 5Z, na za Uganda 5X. Sisi wanafunzi hatuna leseni, kwa hiyo kitufe cha kusemea hukibonyeza mwalimu peke yake. Kazi yetu ni kutafuta stesheni, kusikiliza, na kuandika daftari.

Simu yenyewe si kubwa kuliko kamusi, nayo hubebwa mkobani pamoja na betri yake ya volti 12. Nguvu yake ya kutuma ni wati 5 tu. Taa nyingi za vyumbani hula zaidi ya hapo. Hutumia masafa ya mita 40, yaani kilohezi 7,000 hadi 7,200, na ya mita 20, yaani kilohezi 14,000 hadi 14,350. Mwalimu aliinunua ikiwa vipande, nasi tukaiunganisha pamoja naye mwezi wa Februari. Shabaha yetu ilikuwa moja: Jambori ya Hewani, mkutano wa maskauti wa dunia nzima kwa njia ya redio, ambao ulianza mwaka 1958 na hufanyika kila mwaka mwezi wa Oktoba.

Simu ilipowashwa mara ya kwanza ilisema vizuri. Lakini kila tulipozungusha kifundo cha kutafutia stesheni, masikioni palilia "krrrr", na tulipoacha kuzungusha, palinyamaza.

Sababu yake yafaa kuelezwa. Katika redio za zamani, kifundo hicho kimefungwa kwenye kapasita ya kuzunguka: vibati vyembamba huingia kati ya vibati vingine bila kugusana, na masafa hubadilika polepole. Vumbi likiingia kati yao redio hukwaruza, na dawa yake ni kupuliza na kusafisha. Katika simu yetu kifundo hakishiki kitu chochote cha mawimbi. Chahesabu tu. Kila kinapopiga "kach" kidoleni, hupeleka habari kwa kompyuta ndogo iliyo sawa na ukucha. Kompyuta hiyo hukiamuru chombo cha kutengeneza mawimbi kibadili masafa kwa hatua moja, kisha huandika tarakimu mpya katika kioo. Mazungumzo hayo hupita katika nyaya kama umeme unaowaka na kuzimika upesi sana. Na jirani yake, sentimeta chache tu, ipo amplifaya ambayo kazi yake ni kukuza kila kitu kidogo inachokisikia. Haichagui. Ikisikia mtu wa mbali huikuza sauti yake. Ikisikia kompyuta ikinong'ona huikuza pia.

Wengine chamani walisema, "Si neno. Acha kuzungusha, utasikia." Lakini tazameni ubaya wa jambo hili: kelele huja wakati ule ule mtu anapotafuta. Stesheni yenye nguvu hutokeza juu ya kelele, lakini stesheni hafifu hubaki chini yake, na mtafutaji huendelea mbele asijue kwamba amempita mtu. Sisi wenye macho mazima tulikuwa na njia ya mkato: tulisoma tarakimu za kioo, tukaenda moja kwa moja mahali tulipotaka. Mwenzangu hana njia hiyo.

Mwenzangu ni mtu mwenye ualbino, na kama ilivyo kwa wengi wa hali hiyo, macho yake hayaoni vema vitu vya mbali wala vitu vidogo. Tarakimu za kioo cha simu yetu kwake ni ukungu mtupu. Alisoma Shule ya Msingi Buhangija, hapa hapa Shinyanga, shule inayopokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi pamoja na watoto wengine. Wazazi wake walimpeleka huko akiwa na umri wa miaka saba, wala si kwa ajili ya masomo peke yake. Wasomaji walio wazazi wanakumbuka jinsi, tangu miaka ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino katika mikoa yetu walivyowindwa na kuuawa, kwa sababu ya waganga waongo waliodai kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Yeye alikua akiambiwa asitembee peke yake, asipite njia ya porini, arudi kabla ya jua kuchwa. Ameniruhusu kuandika haya, tena akaongeza kwa maneno yake mwenyewe: "Andika kwamba redioni ndiko ninakotembea usiku bila mtu wa kunisindikiza."

Mwezi wa Machi mwalimu alitangaza kwamba mmoja wetu ndiye atakayekaa kwenye kifundo siku ya Jambori, kutafuta stesheni kwa niaba ya wote. Mwenzangu akaomba nafasi hiyo. Wawili watatu walicheka, na mmoja akauliza, "Kioo atakisomaje?" Naye alikwisha jifunza alfabeti ya Morse kwa sikio kabla yetu sote, na vidole vyake vilizoea kuhesabu hatua za kifundo, moja moja, kama mtu anayehesabu fedha gizani. Lakini kwa kuwa kila hatua ilizibwa na krrrr, hesabu peke yake haikumfaa. Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Simu ikitulia, tutaona."

Basi kazi ya kwanza ilikuwa kujua kelele zatoka wapi, na kazi hiyo ilikuwa yake. Jumamosi ya mwisho ya Mei alivaa visikilizio, akafumba macho, akawa anazungusha kifundo huku akiniamuru la kufanya.

"Chomoa antena," alisema. Nikachomoa. Radi za mbali zikanyamaza, lakini krrrr ikabaki vile vile. Tukajua kwamba si ya mbingu wala ya majirani.

"Sasa punguza sauti mpaka mwisho." Nikapunguza. Akazungusha tena, kisha akatabasamu. "Ndugu yangu, zilikuwa mbili. Moja imekufa pamoja na sauti, nyingine bado ipo."

Hapo ndipo tulipopata ufunguo. Kelele inayopungua sauti ikipunguzwa imeingia redioni kabla ya kifundo cha sauti. Isiyopungua imeingia baada yake, katika amplifaya ya mwisho au katika nyaya zake. Sisi sote tulikuwa tukitafuta mwizi mmoja. Kumbe ni wawili, nao wameingia kwa milango miwili.

"Rudisha sauti, kisha fungua orodha ya mipangilio," alisema tena. Katika orodha hiyo kifundo hubadili maandishi ya kioo tu, wala hakigusi masafa. Ile kelele isiyokufa ikalia kama kawaida. Ile nyingine ikanyamaza. Akasema, "Hii ya ukaidi ni ya kioo. Ile nyingine ni ya masafa." Nikaandika yote daftarini. Hatukuwa tumefungua hata skrubu moja.

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani na mambo hayo kichwani. Jioni moja tulipokuwa tukila michembe kwa chai, nilimweleza baba mdogo, ambaye amechimba dhahabu kwa zaidi ya miaka ishirini, kwamba tuna redio ambayo humziba masikio yule anayetafuta. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mwanangu, hilo sisi twalijua," alisema. "Shimo likititia, watu wote hukimbia na sururu, kila mtu anachimba, kila mtu anaita majina. Mzee wa shimo akiwa na akili, kwanza huwanyamazisha. Zimeni pampu. Zimeni karasha. Wekeni sururu chini. Maana aliyefukiwa hana nguvu za kupiga kelele akushinde wewe unayemtafuta."

Maneno hayo yalinikumbusha habari za Nyangalata, upande wa Kahama, ambazo nazijua kwa kusimuliwa, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mtoto. Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo lilititia na kuwafukia wachimbaji. Watano kati yao walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Muda huo wote walikuwa wakiishi chini ya miguu ya watu. Tangu jioni ile sikuweza tena kuiona krrrr ya redio yetu kuwa kitu cha "si neno".

Tuliporudi shuleni mwezi wa Julai nilianza zamu yangu. Fundi wa redio wa sokoni alituruhusu kuchambua bodi zake mbovu, nasi tukapata karibu kila kitu humo. Fedha tuliyotumia ilikuwa shilingi 4,500.

Nilianza na kelele ya kioo. Nilipofuatilia nyaya niliona kwamba waya hasi wa kioo na wa amplifaya ulikuwa mmoja. Umeme wa kioo, ukirudi kwenye betri, ulipita katika njia ya amplifaya, kama ng'ombe wa jirani wanaokatiza shambani mwako kwenda lamboni. Nikavipa vitu hivyo njia mbili mbalimbali, zikutane mahali pamoja tu, penye betri. Waya wa kwenda kwenye visikilizio nao ulikuwa umelala ubavuni mwa nyaya za kioo. Nikautoa, nikaweka mwingine uliofunikwa kwa nyuzi za shaba, nilioupata katika maikrofoni mbovu, nikaupitisha upande wa pili wa sanduku.

Kisha kelele ya masafa. Katika waya unaoilisha kompyuta ndogo niliweka rezista ya omu 22, na baada yake kapasita mbili, moja ya maikrofaradi 220 na nyingine ndogo ya maikrofaradi 0.1. Kapasita hapo ni kama mtungi wa maji nyumbani. Kompyuta inapotaka umeme kwa pupa huchota mtungini, isiende kuutibua mto ambao wengine pia wanakunywa. Mtungi mkubwa hutuliza mitikisiko ya polepole, na mdogo ile ya haraka. Katika zile nyaya mbili zinazopeleka amri kwa chombo cha mawimbi niliweka rezista za omu 220, moja kila waya, ili mapigo yapunguzwe ukali wake.

Nusu ya kelele ikaondoka. Iliyobaki haikuwa ya nyaya bali ya programu. Mwalimu alipoifungua katika kompyuta yake, tuliona kwamba kwa kila hatua ya kifundo chombo cha mawimbi kiliamriwa kuanza upya kabisa, na kioo kiliandikwa chote, hata zile tarakimu ambazo hazikubadilika. Mwalimu akairekebisha, amri ziwe za namba zilizobadilika tu. Kuhusu kioo, mwenzangu akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiri: "Mwalimu, kioo chaandikwa kwa ajili ya nani wakati kifundo kinazunguka? Mimi sikisomi. Na hawa wakizungusha upesi hawawezi kukisoma. Si kingoje?" Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaandika mistari michache. Tangu siku hiyo kioo chetu hungoja mpaka kifundo kitulie, ndipo huonyesha tarakimu.

Ipo dawa nyingine, ambayo redio nyingine hutumia: kuizima sauti kwa nukta ndogo kila masafa yanapobadilika. Kelele haisikiki, lakini kwa nukta hiyo na stesheni haisikiki. Mwenzangu aliikataa. Alisema huko ni kumziba mtu masikio ili asisumbuliwe na mbu.

Je, tulijuaje kwamba tumefaulu, wala si kujifurahisha? Kwa kilohezi 14,100 ipo minara 18 katika nchi mbalimbali, iliyowekwa makusudi kwa ajili ya watu wa redio ya ridhaa kupimia usikivu. Hupokezana: kila mmoja husema kwa sekunde 10, na zamu humrudia baada ya dakika 3. Hutaja alama yake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne mirefu, wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Mmoja wa minara hiyo uko Afrika Kusini, upande wa Pretoria, alama yake ZS6DN, kiasi cha kilometa 2,500 kutoka hapa. Tulisikiliza mnara huo alasiri za Jumamosi, huku mwenzangu akichezesha kifundo hatua moja mbele na hatua moja nyuma bila kuacha. Kabla ya matengenezo alisikia mstari wa kwanza peke yake. Mwezi wa Agosti alisikia mitatu. Jumamosi moja ya Septemba aliinua kidole cha nne. Mwalimu akavivaa visikilizio yeye mwenyewe, akangoja dakika tatu, akavivua bila kusema neno. Kisha akaandika jina la mwenzangu katika orodha ya Jambori, mbele ya neno "Kifundo".

Siku ya Jambori mwezi wa Oktoba tulikuwa watu kumi na moja katika chumba kile, na maskauti wengine dirishani. Waya wa antena ulikuwa umefungwa kati ya mwembe na paa la maabara. Mwanzoni tulisikia stesheni kubwa kubwa ambazo hata redio mbovu ingezisikia. Ilipokaribia saa moja jioni mwenzangu alikuwa akizungusha polepole, hatua moja moja, kichwa ameinamisha. Akasimama mahali ambapo sisi tuliosikiliza kwa spika hatukusikia kitu.

"Hapa pana mtu," alisema.

Mwalimu alitazama kioo, akatega sikio, akatikisa kichwa. Mwenzangu akarudi nyuma hatua mbili, akaenda mbele moja, akangoja. Ndipo ikatoka, chini kabisa ya vumbi la radi, sauti ya mtoto ikiita "CQ Jamboree", yaani anamwita skauti yeyote anayesikia. Mwalimu akajibu. Hakusikika. Akajibu tena. Mara ya tatu yule mtoto alirudisha alama yetu, kwanza kwa kukosea herufi ya mwisho, kisha sawasawa. Alikuwa Italia, zaidi ya kilometa 5,000 kutoka Shinyanga. Alitupa alama 4 za kueleweka kati ya 5, na 3 za nguvu kati ya 9. Akauliza ni nani aliyemsikia, kwa kuwa ameita muda mrefu bila kujibiwa. Mwalimu akamtajia jina la mwenzangu, polepole, herufi kwa herufi. Mwenzangu mwenyewe alikuwa ameinama juu ya daftari, akiandika kwa herufi kubwa kama anavyoandika siku zote, wala hakuinua uso mpaka mazungumzo yalipokwisha.

Kwa wazazi watakaosoma haya nina neno moja la faida. Redio ikikwaruza nyumbani, msikimbilie kuongeza sauti, maana sauti huikuza kelele pamoja na habari. Zimeni chaja, zimeni taa ya LED iliyo karibu, sogezeni redio mbali na kisanduku cha sola. Ikibaki kelele, chomoeni antena, kisha pimeni kwa kifundo cha sauti kama tulivyofanya sisi. Mtajua kelele inaingia kwa mlango upi, na fundi hatawauzia kipande msichokihitaji.

Kwa wanafunzi wenzangu, nasema kwamba kujua kulehemu ni kitu kizuri, na hujifunzwa kwa wiki mbili. Kunyamaza ili umsikie aliye hafifu ni kazi ya muda mrefu zaidi, nami bado ninajifunza. Katika bweni, darasani, na hata katika mikutano yetu ya viranja, mara nyingi tunatafuta kwa kelele, kisha twasema hapana mtu.

Chama cha Redio chahitaji wanachama sita kutoka Kidato cha Pili na cha Tatu. Njooni Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Kiti cha kifundo kina mwenyewe mpaka mtihani utakapoanza. Baada ya hapo kitakuwa wazi, na atakayekitaka hataulizwa macho yake yanaona nini.

Nawatakieni wote heri katika mitihani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne